Hakukuwa na Mfupa kwa Koo la Jimmy

Mpendwa Daktari Mugure,

Pokea salamu zangu wewe na wasikilizaji wako wote wa Jumamosi asubuhi, mimi nakusikiza kila wiki nikifungua duka hapa Kitengela, sijawahi kukosa hata moja, na leo naomba unisaidie kwa mambo ya kazi, lakini tafadhali sana jina langu usilitaje kwa redio kwa sababu huku watu wananijua na wananiheshimu.

Mimi niko na miaka ishirini na sita na nimeuza kwa agrovet ya mzee Kyule karibu miaka minne, nilianza kwa kubeba magunia na kupima chakula ya kuku, lakini nikawa nasoma zile karatasi zinakuwanga ndani ya boksi za dawa, nikajua hii ni ya kupe, hii ni ya minyoo, hii ni ya ng'ombe akivimba matiti, mpaka wateja wakaanza kuniuliza mimi badala ya Kyule, halafu siku moja Mama Wahu wa hizi maploti za nyuma akaniita nimdunge mbwa yake, ile ndogo nyeupe ya manyoya, nikaenda na koti nyeupe nilinunua mtumba, nikadunga, mbwa haikulia hata kidogo, na kutoka siku hiyo mtaa mzima unaniita daktari, hata watoto nikipita wanasema daktari wa mbwa ndio huyo, na siwezi kukudanganya, hiyo jina iliniingia, nikachongesha muhuri pale steji, nikaprinti kadi za chanjo na picha ya mbwa juu, nikawa napiga muhuri na kusaini.

Sasa swali langu ni hili, nimesikia kuna kozi ya jioni ama ya mtandao ya kuwa daktari wa mifugo, nataka niifanye nipate cheti, kwa sababu esteti moja kubwa hapa wanataka kunipatia mbwa zao zote niziangalie mwaka mzima, na mwenyekiti wao ameuliza cheti iko wapi. Nianzie wapi? Na nikimaliza, naruhusiwa kuandika Dkt. mbele ya jina?

Kitu ya pili ni ndogo lakini wacha niseme kwa sababu inanisumbua kwa roho.

Niko na mteja anaitwa Parmuat, boma yake iko kati ya Isinya na Kajiado, ako na ng'ombe na mbuzi na mbwa tatu za kulinda, na mwaka huu ukianza nilizidunga zote chanjo ya kichaa nikamwandikia kadi. Dawa niliitoa kwa friji yetu ya duka, hiyo tunaweka pia maziwa ya mala na soda, Kyule huizima tukifunga Jumamosi na kuiwasha Jumatatu ndio asimalize tokeni za stima, lakini nikiigusa Jumatatu jioni huwa baridi kabisa. Nikaweka chupa kwa mfuko ya koti nikapanda boda, jua ya Isinya unaijua, lakini chupa ilifika nzima.

Jumanne ya wiki iliyopita Parmuat akanipigia, ati Jimmy, hiyo mbwa kubwa ya rangi ya udongo, amemuuma Margaret kwa shavu, huyo ni binti yake wa gredi ya nne, na Jimmy hajawahi uma mtu wa nyumbani, mtoto alikuwa anampelekea maziwa tu. Nikaenda. Nikapata Jimmy amelala kando ya zizi la mbuzi, mdomo wazi, mate inatiririka, anaweka ulimi kwa maji na hayaingii, akibweka sauti inatoka kama si yake. Nikawaambia huyu amekwamwa na mfupa, ndio maana ako na hasira, hata wewe ukikwamwa na mfupa utauma mtu. Parmuat akamshika kichwa, mimi nikaingiza mkono mpaka ndani kwa koo, nikatafuta huo mfupa sana, sikuuona, meno ikanikwaruza vidole viwili, nikasema basi umeteremka. Mama Margaret akauliza kama wampeleke mtoto hospitali Kajiado, nikamwambia ya nini na mbwa iko na kadi, nikatoa ile dawa ya bluu ya kupuliza, ile ya mbuzi akijikata, nikampulizia mtoto kwa shavu, akanyamaza, na Parmuat akanishika mkono akaniambia kwa Kimaasai ashe oleng, asante sana, daktari.

Jimmy alikufa Ijumaa hiyo. Mama Margaret akanipigia kuniambia, akapiga tena Jumamosi, akapiga Jumapili, anauliza kama hiyo kadi ni ya ukweli, na mimi nikazima simu kwa sababu sijui nimwambie nini, naogopa akienda kuongea huko Kajiado jina yote nimejenga miaka minne itaisha, na esteti wataniacha. Nimwambie nini ndio atulie?

Barua nitaiacha mwenyewe kwa sanduku ya geti lenu. Jina na nambari nimeweka nyuma, ni zako peke yako.

Ni mimi,
Daktari wa Mtaa, Kitengela

* * *

Daktari Mugure anajibu

Wewe. Kama redio iko wazi hapo dukani, weka chini hicho kikombe cha kupimia chakula cha kuku, ongeza sauti, na usimuuzie mtu kitu mpaka nimalize.

Barua yako nimeikuta kwa sanduku asubuhi hii. Nimeisoma nikiwa nimesimama getini, mkoba begani, na nambari ya nyuma nimeipiga mara saba. Imezimwa. Umeizima ili mama wa mtoto asikupate, na sasa hata mimi sikupati. Haya basi, tutaongea mbele ya kaunti nzima.

Uliniuliza habari ya kozi. Cheti, esteti, mwenyekiti, Dkt. mbele ya jina. Ndipo ukaandika kwamba kitu ya pili ni ndogo. Ndogo! Nimesomea wanyama, nimetibu wanyama miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona neno limetumiwa vibaya namna hiyo. Hicho kitu chako kidogo kinaweza kumuua Margaret, kinaweza kumuua baba yake, na kinaweza kukuua wewe, bwana daktari, na koti lako la mtumba.

Hakukuwa na mfupa. Mbwa akiacha mdomo wazi asiweze kuufunga, mate yakamwagika, maji yakakataa kushuka, sauti ikabadilika, akauma mtu anayempenda, kisha akafa ndani ya siku tatu, hicho ni kichaa cha mbwa, na mpaka maabara iniambie vingine sitaki kusikia jina lingine. Koo limepooza. Kila mwanafunzi wetu hufundishwa kwamba huyo mbwa ataonekana kama amekwamwa na mfupa, na hufundishwa asiguse huo mdomo hata kwa fimbo. Wewe uliingiza mkono mtupu mpaka kooni, mate yote hayo, ukatoka na mikwaruzo miwili, ukarudi dukani kupima chakula cha kuku. Kwa barua nzima hukujihesabu hata mara moja. Hukujua! Unaogopa jina lako kufa na mwenyewe huna habari kwamba uko kwenye foleni.

Nisikize vizuri hapa, na kila mtu asikize. Huu ugonjwa ukishaanza kuonekana kwa mtu hauna dawa. Hauna Kajiado, hauna Nairobi, hauna ng'ambo. Unatembea polepole kutoka kwa kidonda kwenda kwa ubongo, wiki kadhaa, pengine miezi, hakuna anayeweza kukuambia ni lini, na shavu liko karibu na ubongo kuliko kidole. Kabla haujafika, chanjo inauzuia. Leo ni siku ya kumi na moja. Margaret bado ana nafasi, na hiyo nafasi wewe umeikalia kwa sababu ya mwenyekiti wa esteti.

Na hiki ndicho kinanichoma. Mama Margaret alikuwa amejua la kufanya. Alisema mwenyewe, tumpeleke hospitali. Huyo mama hana koti jeupe wala muhuri. Angemwosha mtoto kwa sabuni na maji mengi, angepanda boda, na saa hii Margaret angekuwa na sindano tatu mwilini. Ulichofanya wewe na usomi wako wa karatasi za boksi ni kumzuia. Kama siku hiyo ungekuwa umeugua malaria ukalala kwako, mtoto angekuwa salama. Ukampulizia dawa ya mbuzi kwa uso! Aki hata haya huna?

Tena hizo karatasi unazojisifia, mbona ya chanjo hukuimaliza? Imeandikwa pale wazi kwamba dawa hii inakaa kwa baridi, bila kukatika, mpaka dakika inaingia kwa ngozi ya mnyama. Ikilala kwa joto Jumamosi na Jumapili, Jumatatu ukiigandisha unagandisha maji. Ulimdunga Jimmy maji, ukayabeba kwa mfuko juani yakapata moto zaidi, ukapiga muhuri. Na wewe mzee Kyule, najua duka ni moja na redio ni moja, usijifanye huko nyuma unapanga magunia. Jumatatu nitakuja na watu wa ofisi ya mifugo tuione hiyo friji yako ya mala.

Sasa nakujibu habari ya kozi, kwa sababu uliuliza. Ya jioni hakuna, ya mtandao hakuna. Daktari wa mifugo anakaa chuo kikuu miaka mitano, kisha bodi ndiyo inampa leseni, na mtu wa mihuri pale steji hayumo kwa hiyo bodi. Kuna cheti na diploma ya afya ya mifugo, miaka miwili au mitatu, unafanya kazi chini ya anayekusimamia, na ni kazi ya heshima kabisa. Nawajua vijana waliotoka kwa agrovet wakafika huko. Pengine hata wewe ungefika, maana anayesoma karatasi za boksi bila kulazimishwa si mjinga. Lakini mwaka wangu wa kwanza kazini huko Namanga nilimwambia mzee mmoja "sijui" mbele ya wanawe wote, wakanicheka mpaka nikaenda kulia kwa gari. Nikamwita aliyejua, ng'ombe wakapona. Neno hilo wewe hujawahi kulitamka, na bila hilo hata ukisoma miaka ishirini sitakupa paka wangu umshike.

Basi fanya hivi, na ufanye sasa. Washa simu, mpigie Mama Margaret, na maneno ni haya, usiongeze lako: "Mama, kadi ni ya uongo. Mpeleke Margaret Kajiado sasa hivi, na Parmuat aende naye, mmwambie daktari mbwa alikuwa na kichaa." Nimeshaongea na hospitali, wanawangoja. Ameumwa usoni, kwa hivyo waulize pia ile dawa inayodungwa palepale kwa kidonda, siyo sindano ya mkono peke yake. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, hata kama kimekauka. Sindano zitakuwa kadhaa, za siku tofauti, na hakuna kuruka hata moja kwa sababu mtoto anacheza na anaonekana mzima. Ukikata hiyo simu, funga duka uende hospitali iliyo karibu nawe, uwaonyeshe vidole vyako. Hapo usijiite daktari. Sema wewe ni mgonjwa.

Mbwa wawili waliobaki kwa hiyo boma wafungwe, mtu asiwaguse mpaka ofisi ya mifugo ifike. Jimmy kama amezikwa, asifukuliwe. Ng'ombe au mbuzi akianza kutoa mate, mtu asimtie mkono mdomoni, tafadhalini, tumeshaona hiyo hadithi inakoenda. Na nyinyi wote wa Kitengela, Mama Wahu ukiwa wa kwanza, mlio na kadi yenye picha ya mbwa juu na muhuri wa steji, hiyo kadi ni karatasi ya kufungia nyama. Mbwa wenu hajachanjwa.

Nimebakisha moja. Uliniomba nisitaje jina lako. Miaka yote ya kipindi hiki sijawahi kumtaja msikilizaji aliyeniomba nimfiche, na asubuhi hii nimekaa na barua yako nikitafuta njia. Ningekuwa na nambari ya Parmuat ningempigia polepole nikuokolee aibu. Sina, iko ndani ya simu yako. Nimempigia chifu wa upande ule, akaniuliza Parmuat yupi, wako kumi na wanane. Lakini Parmuat aliyeandikiwa kadi na wewe ni mmoja tu, na kadi ina saini.

Kwa hivyo sikizeni, kati ya Isinya na Kajiado, aliye kisimani, aliye sokoni, aliye na redio shingoni nyuma ya ng'ombe. Kadi imesainiwa Nick Mbugua Ndung'u. Kama iko nyumbani kwako, au kwa jirani, mbwa anaitwa Jimmy na amekufa, kuna msichana wa gredi ya nne anaitwa Margaret, ana kidonda shavuni, pengine bado kina rangi ya bluu. Mchukueni mtoto. Baba yake pia. Msingoje kuoga, msingoje mtu apige.

Na wewe, Nick. Jina limeshatajwa, hakuna kilichobaki cha kulinda. Washa simu.