Leo mguu wa mama mukwe haunuki

Butembo, Jumanne, mvua imekatika sasa hivi.

Matope mekundu yamefika hadi mlangoni, nguo hazijakauka, na bado naiona siku hii kuwa nzuri. Nimefungua pansement, yaani bandeji, ya mama mukwe wangu, nikasogeza pua karibu na kidonda.

Hakuna harufu.

Kwa wasiotujua: tunaishi wawili, mimi na mama aliyemzaa mume wangu. Mume wangu, Kambale, alifariki mwaka jana hospitalini, baada ya kuanguka na pikipiki kwenye barabara ya Beni. Kidonda chake kilioza haraka kuliko tulivyoweza kukimbia. Tangu hapo mama hataki hata kupita mbele ya hospitali.

Kwa hiyo jembe lilipomkata mguuni akilima viazi nyuma ya nyumba, alinificha. Alifungua kapsuli za antibiotiki zilizobaki kabatini, akamwaga unga wake kwenye kidonda, kama wengi wetu tunavyofanya huku. Unga ukaganda, ukawa kama kifuniko. Jirani alipita akamsifu: "Mama, kimeshakauka!"

Juu, ndiyo. Lakini mguu ulivimba, ukawa wa moto, na mama akaanza kutetemeka kwa homa. Hapo ndipo nilipojua. Nikamwambia twende hospitali.

"Hapana. Kule banaingiaka na miguu, banatokaka na kitanda."

Na kweli, mwanawe alitoka hivyo. Nilikaa chini karibu naye nikalia. Nadhani hicho ndicho kilichomshinda.

"Basi, nyamaza. Tuende. Lakini hapana kule kukubwa."

Tukaenda kituo cha afya cha mtaani. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye kucheka upesi, alilowesha kile kifuniko kwa maji ya chumvi mpaka kikaachia chenyewe. Chini yake palijaa usaha. Alituambia bila kutugombeza kwamba ule unga hauponyi. Unaufungia uchafu ndani. Akamchoma mama sindano ya pepopunda, akampa vidonge vya kumeza, kisha akanifundisha kazi ya nyumbani. Ninawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Nisafishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nifunike kwa gaze safi, nisimwagie spiriti nyama mbichi. Mguu ukae juu ya mto.

"Na mayai," akaongeza. "Kidonda nacho kinakulaka."

Wiki iliyopita niliogopa tena. Ndani ya kidonda palikuwa pekundu, punjepunje, na nilipopangusa kidogo pakatoka damu. Niliona ya Kambale yanarudi. Nikampakia mama kwenye pikipiki mpaka kituoni. Muuguzi alitazama, akanigeukia, akacheka akishika kiuno.

"Mama, weye unalia juu ya nini? Hii ni nyama mupya! Banakujengea nyumba, weye unalilia matofali?"

Hata mama mukwe alicheka, yeye ambaye mguu ni wake.

Kumbe nyama mpya huwa nyekundu kwa sababu imejaa vimishipa vya damu, ndiyo maana hutoka damu kirahisi. Ngozi huja baadaye, ikitambaa kutoka ukingoni. Cha kuogopa ni wekundu unaosambaa nje ya kidonda, maumivu yanayozidi, usaha, homa, harufu. Ndiyo sababu leo nilitanguliza pua.

Ukingoni kuna ngozi changa, nyembamba, inang'aa. Mama analalamika kwamba inawasha. Nimemkataza kujikuna, akaninunia kama Kambale alivyokuwa akininunia nikimwondolea kopo la sukari mbele ya chai yake. Mdomo uleule, umesogezwa upande uleule. Nimecheka, halafu nikalia kidogo, lakini kilikuwa kilio chepesi.

Ninakiri jambo moja. Sikuogopa tu kumpoteza mama. Niliogopa kubaki peke yangu ninayekumbuka jinsi Kambale alivyopiga chafya, au alivyoimba kanisani akikosea maneno bila aibu. Kumbukumbu hizi tunazibeba wawili. Kwa mtu mmoja, ni nzito.

Mama amelala sasa, mguu juu ya mto. Anakoroma. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu mama anakoromaga.

Kesho nitaenda soko. Nitasimama kusalimiana na watu, nitachagua nyanya moja moja, nitauliza habari za Mbau, kule tulikotoka, na za ndugu waliobaki kule. Sitakimbia kurudi kutazama mguu.