Chuma Kilichonyooshwa kwa Moto

Kibosho,
S.L.P. ya Parokia,
Moshi.
5 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu Primus,

Safari hii habari inatangulia, salamu zitafuata. Jumamosi tarehe 2 Machi, saa moja na nusu asubuhi, gari langu lilipinduka kwenye kona iliyo juu ya daraja, na Melkior, aliyekuwa usukani, amekatwa mguu wa kulia chini ya goti. Watu tisa waliokaa nyuma na ndizi walitoka na michubuko tu. Nimekaa wiki tisa bila kukuandikia, na sababu utaiona.

Sasa pokea salamu. Hujambo huko Mtwara? Kazi inaendaje, na lile joto? Barua yako ya tarehe 11 Februari niliipata, na shikamoo yako naijibu marahaba. Mama hajambo, ila jicho la kushoto sasa linaona kivuli tu. Masika yamekuwa mazuri, migomba imesimama, na mfongo, mfereji wetu wa maji ya shamba, umejaa hadi unamwagikia njiani. Fredy wangu yuko kidato cha tatu na amenipita kimo.

Nirudi kwenye gari. Unajua nilivyolipata. Nililinunua mnadani mwaka 1991 likiwa bodi na magurudumu matatu, likavutwa hadi kwa fundi Yassin pale mjini, na tulilijenga miezi kumi na minne. Watu walicheka mjane kununua mzoga wa Landrova. Tangu lilipotembea, Septemba 1992, Melkior alipanda na kushuka nalo mlima huu miaka mitatu na nusu bila kuvunja hata kioo cha taa.

Tarehe 6 Januari, siku mbili baada ya wewe kurudi Mtwara, alikuja hapa nyumbani na kuniambia, "Dada Theo, usukani unanipiga mikono. Nikifika hamsini na gurudumu la kushoto likaingia shimoni, gari zima linatikisa kichwa kama ng'ombe mwenye nzi, na halitulii mpaka nirudi chini ya ishirini." Nilipanda nikae naye mbele nijionee. Ilikuwa kweli. Kwenye barabara ya vumbi lilivumilia, lakini tulipogusa lami lilitikisika hadi meno yakagongana.

Tulilipeleka kwa Yassin. Alizungusha matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Hakuna kilichobadilika. Akayabalansi magurudumu yote manne. Hakuna. Akaliinua kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini akalisukuma, likacheza kidogo. Akasema, "Mama Fredy, hili halina ugonjwa, lina uzee. Kingpini zimelegea." Akazikaza pini hizo zinazobeba magurudumu ya mbele. Tukajaribu tena: sasa lilianza kutikisika kwenye hamsini na nane badala ya hamsini.

Hapo ndipo tulipokosea wote wawili. Kingpini zilikuwa zimelegea kweli, na kuzikaza kulisaidia kweli, basi tukaamini tumemaliza. Nilisema hamsini na nane inanitosha, huku kwetu nani anaendesha sitini. Ile tairodi, chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele yatazame njia moja, hakuna aliyeipima. Ilikuwa nyeusi, safi, imetulia. Tuliangalia vinavyozunguka tukaacha kilicholala.

Melkior alirudi kulalamika mara ya pili, na mara ya tatu akanionyesha matairi ya mbele yameliwa upande mmoja tu. Mara hiyo ya tatu tulikuwa pale tunapopakia ndizi, watu wamejaa. Nikamwambia, "Melkior, gari limetengenezwa. Kinachotetemeka ni mikono yako. Mbege ya Krismasi haijakutoka?" Watu walicheka sana. Yeye mwenyewe alicheka kidogo, akapanda, akawasha gari.

Lilipopinduka hakuna aliyeuliza sababu. Sababu walikuwa nayo tayari, nilikuwa nimewapa mimi. Jumapili baada ya misa walinizunguka nje ya kanisa, na mimi kwa uchungu wa gari nikarudia kwa sauti: nilimwambia aache pombe, hakusikia. Nilisema hivyo mtu akiwa amelala hospitali mguu umekatwa jana yake. Sikwenda kumwona. Siku ishirini na tatu alizolala pale, sikwenda hata moja.

Alipotolewa nilikutana njiani na mkewe, Mektrida. Alitua mzigo wa majani ya ng'ombe, akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Theopista, wewe ni mtu wa hesabu. Jumatano ya Majivu ilikuwa lini?" Nikamwambia tarehe 21 Februari. Akasema, "Na gari lilianguka tarehe 2 Machi. Mume wangu umemjua tangu mmebatizwa. Kwaresima gani umemwona na kibuyu cha mbege mkononi?" Akajitwika mzigo wake akaondoka.

Primus, nilisimama pale njiani kama jiwe. Ni kweli. Kila Kwaresima Melkior haonji. Parokia nzima inajua, na mimi nilijua.

Kesho yake nilikwenda kwa Yassin, ambako gari lilikuwa limevutwa na kuachwa. Nikamwambia alale chini yake na asiniambie uzee. Alitoka na vipande viwili vya tairodi. Nikasema imevunjika kwa kuanguka. Akanitazama kama mtu aliyeshindwa. "Ningependa iwe hivyo, Mama Fredy, maana na mimi ningelala. Tazama penye mkato."

Nilitazama. Chuma kikivunjika leo, mkato wake unang'aa wote. Hiki robo moja tu ndiyo iliyong'aa. Robo tatu ilikuwa nyeusi, imeingia kutu ya miezi. Ufa ulikuwepo siku nyingi, unakula kidogo kidogo, na kila gari lilipotikisika uliongezeka. Kwenye ile kona kilichobaki kikaachia, gurudumu moja likatazama mtoni na jingine mlimani. Hata dereva wa malaika asingeligeuza.

Yassin akachukua tairodi ya Landrova nyingine ya aina ileile, akailaza sakafuni, na vipande vyetu kando yake vikiwa vimeunganishwa. Nilipima mwenyewe. Chetu ni kifupi kwa milimita kumi na moja, na katikati kimeinama tisa. Kisha akakwangua rangi nyeusi kwa msasa. Chini yake chuma kilikuwa na bluu, ile bluu ya chuma kilichoingia moto. Mahali pa bluu ndipo penye ufa.

Akasema, "Mtu aligonga jiwe kubwa hiki kikapinda. Akakipeleka kwa mchomeleaji, kikapashwa moto kikanyooshwa kwa nyundo, kikapakwa rangi kisionekane. Si mimi, na Melkior asingekuja kulalamikia kitu alichokificha mwenyewe." Halafu akaongeza, "Tulikuwa tunampaka dawa gotini mtu anayeumwa kiuno. Na mimi nina sehemu yangu." Alikataa hata chai siku hiyo.

Sasa sikiliza hesabu yangu. Kabla ya Krismasi gari halikutikisika hata siku moja. Tarehe 28 Desemba ulilichukua kwenda Tarakea ukweni, kwao Evelyn, ukasema utarudi jioni. Ulirudi tarehe 29 saa kumi na moja jioni, ukasema pancha. Asubuhi yake uliamka ukaliosha gari mwenyewe, hata chini ukaingia na ndoo. Nilimwambia Mama, tazama Primus amekuwa mtu mzima. Nilifurahi mpaka nikakuchinjia jogoo.

Na barua yako ya Februari nimeisoma tena. Ni ukurasa mmoja. Habari za Mama umeuliza mara moja. Habari za gari umeuliza mara mbili, wewe ambaye tangu 1992 hujawahi kuniuliza kama linatembea.

Ningeweza kwenda Himo na Rombo yote kuuliza wachomeleaji mmoja mmoja, na ningempata. Sijaenda. Sitaki kulisikia kwa mtu baki.

Nimekwenda kwa baba mdogo Eliezeri kumwomba anipelekee isale, jani la kuombea msamaha, kwa Melkior. Unajua mwenye kuletewa jani hilo hawezi kulikataa, na ndiyo maana mzee alinikazia macho. Akaniuliza, "Nikifika nitasema umekosa nini?" Nikamwambia nilimsingizia ulevi mbele za watu. Akasema, "Na gari liliharibiwa na nani?" Nikamwambia hilo bado sina uhakika nalo. Akasema, "Jani halipelekwi nusu, mwanangu. Siwezi kumfunga mdomo kwa isale halafu kesho asikie lililobaki kwa watu. Leta lote, nitakwenda." Tumepanga Jumamosi tarehe 8 Juni.

La kwangu nimeshalitamka, na siku hiyo nitalirudia mwenyewe nje ya kanisa nilikolisemea. Mguu hautarudi. Lakini Melkior sasa anakaa ukutani kwake, na wapita njia wanamwonea huruma ile anayoonewa mlevi. Hiyo ndiyo ninayotaka imtoke, na haiwezi kutoka kwa neno langu peke yangu. Watasema nimemhurumia.

Mama anakusalimu. Hajui, nimemwambia gari lilikosa breki. Fredy anakusalimu, na baba mdogo Eliezeri pia, ingawa aliitamka salamu yake taratibu. Msalimie Evelyn. Yeye simwulizi, maana alikuwa ndani ya gari hilo na sitaki kumweka katikati yako na mimi. Mungu awalinde, na awape nyumba isiyo na kitu kilichofichwa chini yake.

Ijumaa tarehe 31 Mei nitakuwa kwa Raya, dukani kwake mjini, kuanzia saa nne hadi saa sita mchana. Namba ya simu yake unayo. Usinieleze barabara ilikuwaje, wala mvua, wala giza. Nataka neno moja. Uligonga na ukanyoosha, ndiyo au hapana? Ukisema ndiyo, baba mdogo atabeba makosa mawili, na nitakupenda kama siku nilipokuwa nakubeba mgongoni. Ukisema hapana, nitapeleka langu peke yangu na sitakuuliza tena, hapana hiyo utaishi nayo wewe. Simu isipolia hadi saa sita, nitajua umejibu.

Mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,
Theopista