Akaunti Moja kwa Tovuti Zote

Tuwan, Kitale

Kwa dada yangu Nasimiyu,

Salamu nyingi kutoka huku. Kifua chako kinaendeleaje? Na mvua ya Matulo imefika? Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ningekuficha nusu.

Unajua kazi yangu ni kutunza seva, ile kompyuta inayobeba tovuti za wateja wetu. Skripti zote, yaani programu ndogo zinazoendesha tovuti hizo, zilikuwa zikitumia akaunti moja. Skripti ya mteja mmoja ingeweza kugusa faili za mwingine, na katika kumbukumbu zake seva ingeandika jina lile lile tu la akaunti.

Mwezi uliopita orodha ya wagonjwa wa kliniki moja ya macho ilifutika. Wazee waliotoka Mlima Elgon kufanyiwa upasuaji wakarudishwa nyumbani. Mkubwa wetu akamwita Halima, mwenzangu wa ofisini.

"Si ni wewe ulikuwa kwa hiyo seva asubuhi?"

"Nilikuwa, lakini sikufuta kitu."

"Basi ni nani?"

Akafutwa kazi siku hiyo. Mimi nilinyamaza. Sikujua lolote, lakini pia sikuuliza.

Baadaye niliambiwa nitenganishe mambo, skripti za kila tovuti zitumie akaunti yake. Siku ya tatu, skripti ya shule fulani ikajaribu kufuta faili za kliniki. Ikakataliwa, na jina la akaunti likaandikwa. Skripti hiyo niliiandika mimi, ya kusafisha faili za zamani. Nilikosea folda, na ndiyo iliyofuta ile orodha ya wagonjwa.

Nilimwonyesha mkubwa. Akasema, "Ungenyamaza tu, bana. Nani angejua?" Kisha akanipa barua ya onyo, akakubali Halima aitwe arudi kazini.

Nilimkuta kwao Matisi, karibu na msikiti, akikunja nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko sirudi," alisema. "Lakini andika kwa karatasi ni wewe, uweke sahihi. Kila mahali naomba kazi wananiuliza mbona nilifukuzwa."

Niliandika pale pale. Aliisoma mara mbili, akaniambia niongeze tarehe. Hakunikaribisha chai, na sikuitarajia.

Wasalimie Baba na Mama, shangazi anayeuza mboga Webuye, na shemeji. Wakiuliza habari zangu, wasomee barua yote.

Ni mimi mdogo wako,
Wekesa