Kidole Kwenye Kifuniko cha Tangi

Saga, Japani
9 Novemba 2018

Mpendwa Dada Mi-ok,

U hali gani, na magoti yako yanasemaje na baridi hii? Mama je, bado anakataa dawa mpaka abembelezwe? Mimi mwili ni mzima. Kabichi ya kimchi uliyotuma imefika, imechacha vizuri, na majirani wamenuna kwa harufu yake. Watazoea.

Unalalamika kwamba mwaka mzima sikuandika. Una haki. Nilikuwa na jambo, na niliona aibu kukuandikia huku nikilificha.

Unakumbuka nilivyohangaika kuwa mwalimu wa urubani huku. Leseni ya kwetu Korea hawakuitambua, nikaanza upya. Mtihani wa sheria, wote kwa Kijapani, niliufeli mara tatu. Mkuu wa shule yetu ya urubani, Bwana Egashira, ambaye kama wote huku huniita kwa jina la ukoo wetu, alinicheka: "Pyo, huo hata sisi wenyewe unatutoa jasho, wewe umeukazania nini?" Miaka minne niliosha ndege na kuandaa chai. Nilipopasi nililia chooni.

Huku, kabla ya kuruka, mtu hukinyooshea kidole kila kitu na kukitaja kwa sauti. Tairi, sawa! Mafuta, sawa! Shunsuke Kuwabara, mwanafunzi wangu wa kwanza, alikuwa na sauti ya muuza samaki. Siku aliyoruka peke yake alinyoosha kidole juu ya bawa: "Kifuniko cha tangi, sawa!" Mimi nilikuwa kando najaza fomu. Nikasikia "sawa", nikatia saini kwamba nimekikagua.

Kifuniko hakikuwa kimekaza. Mafuta yalifyonzwa na upepo, injini ikazima juu ya ghuba. Mwili wa Shunsuke ulipatikana siku ya tatu.

Wachunguzi waliniuliza kama nilitazama kwa macho yangu. Nikajibu ndiyo. Dada, nilidanganya, kwa kuiogopea ile leseni. Wakaandika kwamba kijana alikilegeza mwenyewe baadaye.

Tangu hapo, kila mwanafunzi akisema "Kifuniko, sawa!" namsikia Shunsuke akirudia nyuma yake, amechelewa kidogo. Napanda kukagua mara tatu, mara nne. Wenzangu wananitania, "Pyo anakisomea dua kifuniko." Sicheki.

Jana ilitimia mwaka tangu ajali. Mama yake Shunsuke alikuja na matunda ya kaki aliyoyakausha mwenyewe, akaniinamia, akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe. Akaomba nimwonyeshe alivyofanya asubuhi ile. Nikampeleka penye ndege, nikanyoosha kidole.

"Kifuniko cha tangi, sawa!"

Akatabasamu. "Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Jiko, limezimwa! Mlango, sawa! Tulimcheka mpaka basi." Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na wewe, mwalimu, ulitazama?"

"Sikutazama, mama. Na nilidanganya."

Hakulia. Alipanda ngazi taratibu kwa viatu vyake vya heshima, akakishika kifuniko kwa mikono miwili, akajaribu kukizungusha. Kilikuwa kimekaza. Akashuka, akaondoka bila kuinama.

Jumatatu nakwenda kwa wachunguzi kusema ukweli. Leseni wataichukua, na huenda ukaniona huko kabla ya mwaka mpya. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Nisalimie shemeji Dong-pil, na mwanao Han-byeol umbusu mashavu yote mawili. Mkae salama, na kila atokaye mlangoni kwenu arudi.

Yale matunda yako mezani hapa. Sijathubutu kuyaonja.

Mdogo wako akupendaye hata akikaa kimya,
Seol-ah