Kwa Tata, Kuhusu Jiwe la Mwisho

Tata,

Ni mimi Kemunto, binti yako wa Minnesota. Nilifika nyumbani Tabaka juzi, miezi minne tangu tukuzike, na sasa nimeketi kwenye kiti chako nje nikikuandikia. Nina mambo mawili: shukrani, na uongo mmoja niliokuambia kwa simu. Nianze na shukrani, maana ule uongo unanitia aibu.

Mama hajambo. Huvaa koti lako akienda shambani, mikono ameikunja mara tatu. Ombati ndiye anayechonga mawe siku hizi. Ndugu yangu huyo, viboko vyake vya mawe vina nyuso za kondoo, lakini wateja wanavipenda, tufanyeje?

Nami nimeacha kucheza. Magoti yamekataa. Ile medali ya shaba ya Amerika nzima bado inaning'inia juu ya redio, pale ulipoiweka.

Ulicheka sana siku niliyokueleza mchezo wenyewe: mmoja anasukuma jiwe zito kama mtungi wa maji uliojaa, na wawili wanakimbia mbele yake wakisugua barafu kwa mifagio ili liteleze hadi kwenye duara. "Yaani umevuka bahari ukafagie barafu? Kwani hapa uwanja uliisha?" Kisha ukataka kujua jiwe ni la aina gani. Nikakuambia ni gumu, panga halikati. Ukasema, "Basi hao ni watu wa maana."

Kocha alidhani nina kipaji. Hakujua nimekulia kando ya beseni, nikisugua mawe yako kwa msasa na maji pamoja na Mama na shangazi, mpaka kiganja kikajua kuona. Asante kwa hilo.

Na asante kwa siku ya kile kiboko. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuta ufa tumboni mwake, nikauziba kwa gundi na vumbi la mawe, nikasugua mpaka ukapotea. Wewe ulipitisha ukucha tu, ukaujua. Hukunichapa, nami nilitamani unichape yaishe. Ulinituma nikipeleke kwa mnunuzi mwenyewe, nimwonyeshe ufa kwa kidole. Akakikataa. Nilirudi nacho nikilia njia nzima, ukanipa ndizi za kuchemsha, ukasema, "Umebeba kitu kizito. Kula."

Sasa uongo wenyewe. Katika mechi ya kutafuta nafasi ya mashindano ya dunia, jiwe letu la mwisho likiwa njiani, ufagio wangu uliligusa. Kidogo tu, na hakuna aliyeona. Katika mchezo wetu, ukigusa jiwe unasema mwenyewe, na linaondolewa. Nilikupigia nikakuambia niliinua mkono papo hapo, tukashindwa. Ulifurahi kuliko siku ya medali! Ukasimulia kanisani, "Binti yangu hakungoja hata sekunde." Hukuwaambia kwamba mechi yenyewe ilichezwa siku ya Sabato, mzee wangu mjanja.

Nilingoja, Tata. Jiwe lilisimama katikati ya duara. Wenzangu walipiga kelele, wakanikumbatia, nami nikawakumbatia. Nikawapa mkono tuliowashinda. Nahodha wao alikuwa akilia, na bado nilinyamaza. Tulikuwa tumeanza kuvua viatu niliposema, jiwe likaondolewa, tukashindwa.

Wala si wema ulionisemesha. Nilijua nitakupigia simu jioni ile, na nisingeweza kukusikia ukishangilia ushindi usio wetu.

Sasa sina wa kumpigia. Klabu yangu ya Minnesota imeniomba niwafundishe wasichana, nimekubali, na nitawaeleza yote, hata pale pa viatu. Lakini kwanza watu wako. Nimeshaomba nafasi kanisani. Sabato hii nitasimama mbele ya wale wote uliowasimulia, niwaambie kwamba nilingoja.

Pumzika, Tata. Mama nimemwambia jana. Alinitazama sana, kisha akaingia ndani kunipigia pasi gauni la Sabato.

Binti yako,
Kemunto