Jani la Sale na Joho la Mfalme

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wiki ya tatu ya ndoa! Nikiandika "mume wangu" bado nacheka peke yangu. Eli katoka asubuhi kwenda Chang'ombe, kwenye karakana ya uchapaji, kumalizia toleo la nne la Binti Radi. Mke wa mchora katuni, mie! Shujaa wake anaruka juu ya mapaa, vidole vinatoa cheche – na tangu mwezi jana ana pua yangu. Mwanya wangu pia. Eli anasema hakukusudia. Muongo mtamu.

Hapa Chanika kwa mama mkwe kuna upepo, kuna migomba, na ua mzima wa majani marefu ya kijani yanayong'aa. Kwetu Mbinga sikuwahi kuyaona. Nimeyapenda.

Jumatano, 6 Agosti

Nyumba imepinduka. Koti la marehemu baba mkwe halipo kabatini. La sufu, rangi ya kahawa, alilofungia ndoa. Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake mama hulitundika sebuleni, wageni waje walione. Kumbukumbu yenyewe ni tarehe kumi na saba.

Wifi Gladness kasema kwa sauti ya kufika kwa jirani: miaka yote halijapotea, sijui sasa humu ndani kimeingia nini. Kilichoingia ni mie. Anayefagia chumba cha mama ni mie.

Eli kala wali wake, macho kwenye sahani. Kamkumbuka baba yake, maskini. Nikamshika mkono chini ya meza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mungu wangu.

Nilitaka tu kumfariji mama. Nikakata majani manne kwenye ule ua, nikayafunga kwa utepe uliobaki wa harusi, nikampelekea kwa mikono miwili, nimepiga goti kama nilivyofundwa. Uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni wewe. Na sale umeleta mwenyewe. Basi, mwanangu, nimekusamehe. Niambie tu umelipeleka wapi."

Sikuelewa hata neno. Gladness ndiye kanieleza, anachekea puani. Kwao Wachaga jani la sale ni la kuomba radhi. Anayelileta amekosa. Anayeletewa hawezi kukataa. Nikaapa – nilidhani ni maua!

"Maua," kasema wifi. "Ya kupambia wizi."

Nikamgeukia Eli. Yeye anajua kwetu hatuna mila hiyo. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Kasema, yaishe jamani, si mama ameshasamehe?

Nimesamehewa kosa la mtu mwingine. Na msamaha, ukishapewa, unaurudisha vipi?

Jumanne, 12 Agosti

Mama ananiita "mwanangu" kuliko zamani. Kila "mwanangu" ni kofi. Funguo za chumba chake kampa Gladness.

Jioni Eli kaniletea chipsi mayai. Kaninong'oneza, wewe ndiye shujaa wangu. Nikala. Nikafurahi, tena sana.

Jumamosi, 16 Agosti

Toleo la nne limetoka! Lina harufu ya wino. Mama kavaa miwani, Gladness akamsomea kwa sauti. Binti Radi anasingiziwa kuiba joho la mfalme. Mji mzima unamrushia mawe, naye hatoi hata cheche moja, anasimama tu.

Gladness akalia. Machozi kabisa! "Jamani, mtoto wa watu hajafanya kitu!"

"Watu wana roho mbaya," kasema mama. "Hata kumuuliza vizuri hawakumuuliza."

Mie nilikuwa nimesimama hapo hapo na sufuria ya ndizi. Pua ile ile. Mwanya ule ule. Hakuna aliyeinua macho.

Ukurasa wa ishirini, mwana wa mfalme anapanda jukwaani analia: Ni mimi! Nililichukua mimi, likachanika kwenye msumari! Umati unampigia makofi. Gladness naye akapiga.

Likachanika. Humu ndani hakuna aliyewahi kutaja kuchanika.

Nikatoka uani, nikampigia Nassibu, rafiki yake wa karakana. Nikauliza kama mtu anayejua tayari: vipi lile koti? Kacheka. "Shemeji, liko kwa fundi Mwishehe, ule mgongo umemshinda. Mie nilimwambia Eli nina mwili mkubwa, atafute mwingine wa kulivaa, apigwe picha ya kuchorea adui. Nisameheni bure!"

Huyu kaomba radhi bila hata jani.

Eli karudi kachoka, kaniuliza, umeipenda hadithi? Nikamwambia, sana. Hasa yule mwana wa mfalme. Akaenda kuoga.

Jumapili, 17 Agosti

Wajomba wamefika kutoka Moshi, sebule imejaa. Mama kaniambia kwa upole: leo atanisimamisha mbele ya ukoo, aseme kanisamehe, nami nipige goti tu nishukuru. Anaona ananitendea wema! Kitenge cha kujifunga kaleta Gladness.

Sasa hivi kaingia Eli chumbani. Kafunga mlango, kapiga goti. Mkononi jani la sale, bado lina umande.

"Tekla, nisamehe. Nitawaambia. Lakini si leo, na wageni wote hawa."

Nikamwambia, hilo jani kalipeleke sebuleni. Kasema mama ana presha. Nikamuuliza, mwana wa mfalme ujasiri aliutoa wapi? Kaligeuza jani mkononi. Kwenye karatasi anaweza.

Nampenda. Ndicho kinachouma.

Mama anaita. "Mwanangu Tekla! Wanakusubiri."

Eli bado yuko magotini, kaziba mlango, jani kalinyoosha kwa mikono miwili. Kwao likishapokelewa yameisha. Ananisubiri niache kuandika. Mkono wangu mmoja una kalamu. Wa pili umeshika daftari.