Anti Anakoroma, Kompyuta Imegoma

Okwara rafiki yangu, simama wima! Leo nimeapishwa Mtaalamu Mkuu wa Excel, ofisi ya Anti ya kupitisha mizigo, mpakani Malaba. Nimehudumu mpaka chai.

Nilibadilisha tu jina la ukurasa "Malori" likawa "Anti Anakoroma". Kwa laptop yangu, fomula mpya niliyoweka ilijitafutia jina hilo, safi.

Kompyuta ya ofisi ni mzee wa kanisa, haitambui fomula za juzi. Kosa la #NAME? kila mahali! Hakuna anayejua lori gani livuke.

Dereva dirishani: "Boss, nyanya zinaoza!"

Nikasema kwa huzuni, "Ni toleo la zamani, Anti."

Anti akavaa miwani, akasoma jina la ukurasa chini ya skrini.

"Na hilo toleo la zamani lilijuaje nakoroma?"

Nimekiri. Sasa narudisha "Malori" fomula moja moja, Anti nyuma yangu. Leo hasinzii hata kidogo.